Dakika Mbili na Sekunde Kumi

Ofisi yetu iko chini ya duka la mazulia, Partick, Glasgow.
Dirisha lake moja hutazama viatu vya wapita njia,
na viatu, mwezi wa Novemba, huwa vimelowa.
Hapa ndipo ninapochemsha woga.
Filamu yenyewe ni saa moja na nusu
na, tuseme ukweli, mbovu.
Sisi twauza kionjo.

"Usiwaonyeshe zimwi," Fergus alinifunza wiki ya kwanza.
"Waonyeshe mlango."
Mlango uliofungwa. Mtoto anapiga mswaki.
Mlango ule ule, wazi upana wa kidole.
Nani kaufungua? Hilo si letu.
Kila mtu ana zimwi lake alilokuja nalo kutoka nyumbani,
atalipitisha mwenyewe kwenye ule ufa.

Rangi nazinyonya. Wekundu wa mashavu natoa,
nabakiza ukijani kidogo, ule wa nyama ya juzi.
Nyuzi za fidla nazigeuza, zianzie mwisho ziishie mwanzo:
sikio litajua pana kitu kimekosewa
na halitajua ni nini.
Mifupa inayovunjika ni selari.
Nyayo kwenye theluji ni wanga wa mahindi
ndani ya soksi ya Fergus (safi, anaapa).
Na ule ukemi wa sekunde ya tisini na tatu
ni wa Senga, mpokea simu wa daktari wa meno jirani:
aliupiga mara moja tu,
akafuta mdomo,
akaniuliza kama chipsi zake zimepoa.

Kisha mikato.
Wa kwanza sekunde nne, utulie, uzoee kiti.
Wa pili mbili.
Wa tatu moja.
Ngazi, jicho, beseni, mkono,
jicho, mkono, ngazi, jicho, jicho,

na hapo nakata kila kitu.
Hata mngurumo wa friji ambao hukujua unausikia.
Giza. Sekunde mbili kamili, sipunguzi.

Juu ya kompyuta nimebandika karatasi:
Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Iona aliomba tafsiri. Nikampa.
Akakaa akiitazama, kikombe mkononi:
"Bibi zenu walisomea wapi uhariri?"

Kionjo kikitoka, nanunua tiketi kama mtu yeyote.
Nakaa pembeni, mgongo nusu kwa skrini,
maana kazi yangu iko nyusoni mwao.
Kuna jamaa mmoja, koti la wajenzi, shingo ya fahali,
bisi zimesimama njiani kati ya ndoo na mdomo.
Mabega ya safu nzima yanapanda pamoja
bila mtu kuyaamuru.
Mshindo.
Halafu kicheko, kile cha aibu,
kila mmoja akimcheka aliye karibu naye.
Nami moyoni: fremu tatu zaidi za giza
na jamaa angemwaga ndoo.

Basi niambie mimi, fundi wa haya yote,
kwa nini Alhamisi ile nilisimama kwenye ngazi za kwetu
taa ya ghorofa ya pili imekufa,
kofia ya koti imenifunika hadi kwenye nyusi,
nahesabu: moja, mbili.

Mlango wa mzee MacAskill
uliokuwa umefungwa
ulikuwa wazi upana wa kidole.

Jicho moja, la chini, la mtu mfupi.
Sikutikisika. Naye hakutikisika.
Nikataka kusema ni mimi, jirani wa juu, yule wa karatasi za maji,
ila mfuko uliniponyoka, nikaubana ukutani kwa goti,
na selari yote ya kesho
ikavunjika.

Mlango ukabamizwa. Mnyororo ukateleza kwenye reli yake,
mrefu, mkavu, ukaishia kwa mlio mdogo kama jino juu ya sahani.

Nilibaki pale gizani, simu mkononi, tayari kurekodi,
nikiomba kimoyomoyo afungue
afunge tena.